Siku Ile Mtaa Mzima Ulikuwa Kariakoo

Mliponiomba niwaandikie kurasa chache, binti aliyenipigia simu alisema, "Mama, tuandikie mambo ya kutia moyo. Vijana wapya wa ustawi wanaanza kazi wiki ijayo." Nikamjibu sawa mwanangu. Nimekaa na daftari siku nne hapa barazani kwangu Gongo la Mboto, na kila nikianza kutia moyo mkono unagoma. Nina hasira. Nimestaafu mwaka wa pili huu, dawa za presha nakunywa, wajukuu ninao, na hasira bado ninayo. Basi nitawaandikia hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo niliyotoka nayo baada ya miaka thelathini na mbili ya uafisa ustawi wa jamii, karibu yote nikiwa Temeke. Wa kuwatia moyo mtawapata, hawakosekani.

Kazi alinifundisha Mzee Mshana, mfupi, suruali kaifunga juu ya kitovu, anazunguka kata nzima kwa baiskeli. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka kutoka Tukuyu na cheti changu, nikijiona najua. Siku ya kwanza akaniambia, "Tumpe, ukiingia kwenye nyumba yenye jambo, usikae kati ya mtu na mlango." Nikaona ni mambo ya kizee. Wiki ya pili nikamfuata baba mmoja aliyetelekeza watoto, nikaweka kiti changu mlangoni ili asinikimbie. Akarukia dirishani, akavunjika mguu, nami nikaandika ripoti mbili badala ya moja. Tangu hapo nakaa pembeni, chini kama kuna mkeka, na faili naliacha kwenye mkoba.

Jambo lingine alilonifundisha ni kutomuuliza mtu "kwa nini". Ukimuuliza kwa nini anaanza kujitetea. Muulize ilikuwaje. Halafu muulize analalaje. Watu watawadanganya kuhusu chakula, kuhusu mume, kuhusu nani kampiga nani. Kuhusu usingizi wengi hawajui kama kuna haja ya kudanganya, kwa hiyo wanasema kweli.

Hayo yote nilikuwa nayajua asubuhi ile Bi Hawa alipoingia ofisini. Na bado niliharibu.

Bi Hawa alikuwa mjane, mtu wa Kilwa, muuza vitumbua katika mtaa mmoja wa Mbagala ambao sitautaja. Aliingia mtandio umekaa upande, akakaa kabla sijamkaribisha.

"Mama Ustawi, mwanangu anaaga."

"Anaaga kwenda wapi?"

"Hasemi. Cherehani yake kagawa, kampa jirani bure. Nguo kagawa, kabakiza begi moja. Halali. Akisinzia kidogo anashtuka na kelele. Mchana kutwa yuko na simu, kuna mtu anamwita kaka, na kaka huyo mie sijamzaa."

"Wanazungumza nini?"

"Siku moja nimetega sikio. Alikuwa analia, anamwambia, 'Hata mimi nitakuwa safi?' Mama, mie nimekaa barabarani na karai langu miaka, maneno ya wanaume wanaotongoza nayajua. Yale hayakuwa ya kutongoza."

Binti mwenyewe aliitwa Somoe, miaka ishirini na moja, mshonaji wa mabaibui, mtoto wa pekee.

Hebu angalieni mama yule alivyonipa kila kitu. Halali, anashtuka, anagawa vitu vyake, anauliza kama naye atakuwa safi. Mwanamke ambaye shule aliishia la nne alinifanyia uchunguzi mzima na kuniwekea mezani. Mimi nikafungua droo nikatoa fomu.

Fomu ile ilitoka kwenye semina. Wiki chache kabla tulikuwa tumeitwa hotelini kujifunza kuhusu vijana wanaovutwa kwenye makundi ya misimamo mikali. Bango lilikuwa refu kuliko ukuta. Tukanywa chai na sambusa, kijana mmoja mwenye tai akatuonyesha orodha ya dalili: anayebadilisha mavazi ghafla, anayejitenga, anayesali kuliko alivyozoea. Mwenzangu Mwanaidi, aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza, "Mama, kwa orodha hii mama yangu mzazi ni gaidi kila Ramadhani." Tukacheka. Kisha tukachukua fomu zetu tukaenda nazo, Mwanaidi naye kachukua. Ukurasa mzima haukuwa na swali hata moja la kuuliza mtu huyu aliona nini, au alifanyiwa nini.

Nikamjazia Somoe, alama ya vema kila kisanduku. Halafu nikamwambia Bi Hawa ampeleke kwa Ustadh Kombo, mwalimu wa madrasa pale jirani yao, amrekebishe mafundisho. Nikajiona nimefanya kazi. Mimi Mlutheri wa Tukuyu nilikuwa nimeamua kwamba hayo ni mambo ya dini ya watu, wenyewe watamalizana.

Siku ya tatu Ustadh Kombo akanijia ofisini. Mtu mpole, makamo ya mdogo wangu, siku zote ananisalimia huku ameinamisha kichwa. Siku hiyo hakusalimia.

"Mama Ustawi, umeniletea mgonjwa ukaniambia ni mpotevu."

"Ustadh, mie nilidhani..."

"Ulidhani ni ya Waislamu ukatuachia Waislamu. Dini anaijua! Amenisomea aya za rehema vizuri kuliko wanafunzi wangu, halafu akaniambia hizo ni za watu wengine, siyo zake. Nikiwa namjibu, watoto nje walikuwa wanacheza, mmoja akapiga kelele, 'Mwizi! Mwizi huyo!' Mama, binti mzima akaingia chini ya meza. Akajikojolea. Mke wangu ndiye aliyemtoa, akambadilisha nguo." Akanyoosha kidole kwenye fomu zangu. "Huyo anayempigia simu kaona jeraha kabla yetu. Sisi tuko hapa tunamkagua mavazi. Nenda kamuulize aliona nini."

Akaondoka bila kunywa maji niliyomwekea.

Nilikaa. Neno "mwizi" likawa linanizunguka kichwani pamoja na lile la Kilwa na lile la ujane. Nikaenda stoo. Nyie sasa mna vishikwambi, mnabonyeza jina linatokea. Sisi tulikuwa na mafaili ya karatasi kwenye maboksi, panya wanazalia humo. Nilipekua mpaka kucha zikaingia vumbi, nikalipata. La miaka kumi na miwili nyuma. Marehemu Athumani, muuza viatu vya mtumba, aliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za wizi. Ameacha mke na mtoto. Na chini yake, mwandiko wangu, ule mzuri niliojivunia: "Mtoto wa kike, miaka tisa. Ni mtulivu na ana heshima. Yupo katika hali nzuri. Familia imepewa unga na maharage. Faili lifungwe." Sahihi yangu.

Nikaikumbuka ziara ile. Mtoto alinipokea mkoba, akaniambia shikamoo, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Hakulia hata mara moja. Niliwasifia jirani zao: mtoto huyu kalelewa.

Wanangu, mtoto anayelia mtamwona wenyewe, hamhitaji kufundishwa. Anayewaletea maji siku tatu baada ya baba yake kuuawa ndiye wa kurudi kumwona kesho yake, na keshokutwa, na mwezi ujao. Mimi sikurudi. Nilikuwa na pikipiki ya ofisi, afya nilikuwa nayo, na kutoka ofisini mpaka pale haikufika nusu saa.

Nilianza kwenda kwa Somoe kila alasiri. Siku ya kwanza hakunifungulia. Siku ya pili alinifungulia akakaa ameegemea ukuta, macho mlangoni, nami nikakaa kwenye mkeka upande mwingine. Niliona mitandio aliyobakiza ya wateja, nikaanza kukunja. Tukakunja. Siku ya nne au ya tano nikamuuliza analalaje.

"Silali."

"Tangu lini?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Unataka mwaka?"

"Nataka unachotaka kuniambia. Faili lako niliandika mimi, Somoe. Niliandika uko vizuri. Niliandika uongo."

Aliacha kukunja. Nadhani hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo. Ndipo akanieleza, bila kunitazama, kama mtu anayesoma.

Siku ile alikuwa ameongozana na baba yake, yuko likizo, wamebeba begi la viatu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba begi ni lake. Watu wakajaa kwa muda wa kufumba jicho. Baba yake alikuwa tayari anavuja damu puani, akasema, "Nimekuja na mwanangu! Muulizeni mwanangu!" Mwanaume mmoja akamwinamia yule mtoto, akamshika bega, akamuuliza, "We mtoto, huyu unamjua?"

"Nikatikisa kichwa," Somoe akaniambia. "Nikasema simjui. Baba aliniona. Alikuwa ananitazama mimi."

Nikaendelea kukunja. Hapo msiseme kitu, wala msikimbilie kumwambia haikuwa kosa lake. Ameshajiambia hivyo mara elfu, haijamsaidia.

"Yule kaka wa kwenye simu nilimwambia," akaendelea. "Ni mtu wa kwanza kumwambia. Hakushtuka. Kasema damu ya baba italipwa, na kuna njia ya mtu kama mimi kusafishika. Kasema kuna mahali wananihitaji."

"Ni mambo ya ndoa?"

Hapo akanitazama. "Sitaki mume, mama. Nimemwambia anipe kazi ya mtu asiyerudi."

Niandike taratibu hapa, maana nikikumbuka kalamu inatoboa karatasi. Yule mtu sijawahi kumwona na sijui anaitwa nani. Ila najua alichofanya: alimuuliza mtoto wa Athumani swali lililokuwa langu, na alipopata jibu akaligeuza kuwa silaha. Na msije mkatoka hapa mkasema kila aliyeumizwa huenda akaua watu. Wengi mno walioumizwa mnawapita kila siku, wanauza vitumbua, wanaendesha bajaji, wanafundisha watoto wenu hesabu. Wanaumia peke yao. Ninachosema ni kwamba wenye kutafuta watu wa kuwatumia wanajua wapi pa kutafuta, na sisi tuliolipwa kujua tulikuwa hotelini.

Nikaenda kwa mkubwa wangu kumwomba gari, nimpeleke Somoe kliniki ya afya ya akili siku inayofuata. Gari halina mafuta. Nikamweleza hali yenyewe, mpaka hilo la kazi ya mtu asiyerudi. Akainuka kwenye kiti. "Hilo si la ustawi tena, hilo tunalipeleka juu sasa hivi, gari la kumchukua litakuja leo leo." Nikamuuliza, "La kumchukua lina mafuta?" Akasema lina.

Nilimpigia kelele bosi wangu siku ile, mimi niliyebakiza miaka miwili kustaafu. Nikamwambia akimtoa binti yule mikononi mwa mama yake kwa pingu atakuwa amemmalizia kazi mtu wa kwenye simu. Tukakubaliana namba ya simu ya yule mtu ipelekwe kunakohusika, na Somoe apewe siku kumi, kwa dhamana yangu. Kliniki nikampeleka kwa bajaji.

Daktari, dada mdogo tu, alimsikiliza saa nzima. Akaniambia baadaye, "Mama, hiki ni kiwewe. Mwili wake bado umesimama pale barabarani." Akampa dawa ya kumsaidia alale na tarehe ya kurudi. Dawa zikatosha siku tano. Tuliporudi, dirishani wakatuambia zimeisha, tukanunue nje.

Wakati huo huo nilikuwa natafuta jambo moja mtaani. Nilitaka mtu mzima mmoja, mmoja tu, aliyekuwepo siku ile, aje amwambie Somoe alichokiona. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Shikamoo mama, karibu mama, kiti hiki hapa. Siku ile? Aa, siku ile mie nilikuwa Kariakoo. Na mume wangu alikuwa Kariakoo. Fundi wa baiskeli alikuwa Kariakoo, mwenye genge alikuwa Kariakoo, kinyozi alikuwa Kariakoo kufuata mashine. Nikamuuliza mama mmoja, "Sasa kama wote mlikuwa Kariakoo, mliondoka na gari gani?" Akanikasirikia.

Wa mwisho alikuwa Mzee Pazi, mjumbe wa nyumba kumi, mwenye miaka sitini na ushei, kanzu yake nyeupe haina doa. Msiba wowote mtaani pale anasimamia yeye, harusi yeye, ugomvi wa mpaka wa kiwanja yeye.

"Mama, siku hiyo kwa bahati mbaya nilikuwa..."

"Kariakoo," nikamalizia.

Akatazama pembeni.

"Mzee Pazi, kwa hiyo Athumani alijipiga mwenyewe? Alijitupia matofali? Na huyu binti anayezunguka hapa mifupa mitupu, mnampita mnamwita majina, mnasema kaingiliwa na magaidi, nyie ndiyo mliowafungulia mlango!" Nilisema zaidi ya hapo. Mke wake alitoka jikoni. Nilisema kwa sauti ambayo Mzee Mshana angenifukuza kazi. Nikaondoka nikijua nimeharibu kwa mara nyingine.

Siku ya nane asubuhi, simu ya Bi Hawa. "Begi halipo, Somoe hayupo! Kaniandikia ujumbe, nimsamehe, yuko Mbezi kwenye mabasi, nisimfuate."

Hili lishikeni. Mtu anayewataarifu alipo huku anawakataza kumfuata, mfuateni mbio.

Bi Hawa alikuwa amekimbilia kwa mjumbe, kama watu wanavyofanya. Mzee Pazi akatoa gari la mwanawe wakaja wote wawili. Mimi nilipanda bodaboda kutoka Temeke, nimefumba macho njia nzima, na nikafika kabla yao. Stendi ile ni kubwa. Nilizunguka nikamkuta kwenye benchi la ukutani, mgongo ukutani, begi mapajani. Nikakaa pembeni yake, nikamwachia njia wazi.

"Basi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Umekula?"

Akatikisa kichwa. Nikamwambia nami sijala. Tukakaa hivyo. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu na kuomba kwa Kinyakyusa.

Kisha nikamwona Mzee Pazi anakuja peke yake, Bi Hawa akiwa bado anatafuta upande wa juu. Kanzu imelowa jasho. Nikajua anakuja kumhubiria, nikanyanyuka nimzuie. Akanipita. Akapiga magoti mbele ya yule binti, mtu mzima yule, pale sakafuni abiria wanakopita na mizigo.

"Somoe, mie ndiye niliyekuinamia siku ile."

Binti akalikumbatia begi.

"Nilikuwa nakujua. Nilimjua baba yako, hata viatu nilivyovaa nilinunua kwake. Begi nililijua ni lake. Ilitakiwa mie nisimame niseme huyu namjua. Nikaogopa watanigeukia. Nikatafuta mtu mwingine aseme, nikamwona mtoto. Nikakuuliza wewe." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Ulipotikisa kichwa nikashukuru, nikapata pa kujificha. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mie nilikuwa na hamsini. Lile si lako, mwanangu. Lile ni langu, nimekuachia ulibebe."

Somoe alisimama. Begi likaanguka. Akaanza kumpiga, kwa ngumi, kichwani, usoni, mabegani, na sauti iliyokuwa inamtoka sijawahi kuisikia kwa mtu. Mzee hakuinua mkono.

Watu wakajaa. Mnajua wanavyojaa.

"Sista, vipi? Kakuibia huyo?"

"Kaiba simu huyu mzee!" Mwingine nyuma alikuwa ameshajibu, hajaona chochote.

"Sema sista, tumshughulikie!"

Kijana mmoja alikuwa tayari ameshika ukosi wa ile kanzu. Nilifungua mdomo niseme, na mimi, afisa ustawi wa miaka thelathini, mdomo ukawa mkavu, hakikutoka kitu. Naapa hakikutoka. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa miguu yangu alichokutana nacho mtoto yule.

"Namjua!" Somoe akapiga kelele. "Mwacheni! Namjua! Namjua! Namjua!"

Alirudia mpaka sauti ikakauka, hata baada ya kijana kuuachia ukosi, hata baada ya watu kuanza kutawanyika, wakisema ni ya kifamilia hayo. Bi Hawa alitukuta tumekaa chini wote watatu. Saa nne ikafika, wakaita abiria, basi likaondoka.

Mnataka niseme mambo yakawa mazuri. Somoe alihojiwa siku mbili, nikakaa naye zote. Mtu wa kwenye simu alibadilisha namba na sijasikia kama alipatikana. Mzee Pazi alikwenda kutoa maelezo ya kifo cha Athumani, akaambiwa jalada halionekani, arudi. Amerudi mara tatu. Mtaani wamemnunia, hawamwiti tena kwenye misiba, wanasema kawachafua. Somoe hajamsamehe na sijamwomba amsamehe. Anakwenda kliniki. Dawa zikikosekana anaharibika wiki nzima, halafu anainuka. Cherehani yake jirani aliirudisha mwenyewe.

Jambo moja lilikuwa limebaki. Mama yake hakuwa anajua kuhusu kile kichwa alichotikisa. Somoe aliniambia akimweleza atampoteza na yeye. Karibu miaka miwili ikapita. Alasiri moja, nikiwa nimebakiza wiki nistaafu, akaniita nyumbani niwepo. Bi Hawa alikuwa uani ameloweka mchele wa vitumbua, anauchagua vijiwe kwa mkono ndani ya maji. Somoe akamweleza yote akiwa amesimama.

Bi Hawa hakuacha kuchagua.

"Najua," akasema. "Majirani waliniambia wiki ile ile ya msiba."

Somoe akachuchumaa mbele yake.

"Ungesema unamjua wangekuacha? Wangekupiga na wewe. Siku ile nilizika mmoja. Kila nikisali namshukuru Mungu kwamba ulitikisa kichwa."

"Sasa mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii tunalala kitanda kimoja!"

Bi Hawa alitoa mkono kwenye maji, akaufuta kwenye kanga. Hakumtazama binti yake, alinitazama mimi, bila ubaya wowote, kama mtu anayetafuta jibu la kweli.

"Nilidhani atakuja mtu atuulize," akasema.

Na mtu aliyekuwa analipwa mshahara kila mwezi kwenda kuuliza, wanangu, alikuwa mimi.